Mgongo Kupinda Si Moyo Kupinda

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, walimu na vijana wa jumuiya ya Waislamu, Cyangugu)





 Nimepewa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo si desturi yetu kulitaja hadharani. Katika mikutano yetu tumezoea kusikia habari za elimu, za biashara, za ndoa na za umoja. Leo nataka tuseme juu ya mgongo wa mtoto. Yaani mgongo wa kijana, wa kiume au wa kike, ambao katika miaka ya kubaleghe waanza kupinda kando bila ya yeye kuanguka, bila ya kupigwa, na bila ya kosa lolote alilolitenda. Na nataka tuulizane: kijana huyo ataishi vipi na moyo mkunjufu, na sisi tulio karibu naye yatupasa tufanye nini?

Neno langu ni moja, nami nitalitanguliza ili mlishike mpaka mwisho. Moyo mkunjufu hauamrishwi. Hauji kwa kumwambia mtoto, "Vumilia, usilie." Hujengwa kama nyumba ijengwavyo, na nguzo zake ni tatu: ya kwanza ni kuujua ukweli wa maradhi, ya pili ni kulitenda liwezekanalo kwa wakati wake, na ya tatu ni kuishi baina ya watu wachungao ndimi zao. Ikikosekana moja katika hizo, kijana hubaki akijikaza peke yake, na mwenye kujikaza peke yake huchoka.

Nianze na nguzo ya kwanza, nayo ni ukweli.

Waganga wa hospitali huyaita maradhi haya skoliosi. Uti wa mgongo wa mwanadamu, ukitazamwa kwa nyuma, wapasa kushuka wima kama kamba ya timazi ya mwashi. Kwa mwenye skoliosi uti huo hupinda kando, mara nyingine kama herufi ya C, mara nyingine kama herufi ya S, na pamoja na kupinda hujizungusha kidogo, hata mbavu za upande mmoja zikainuka kuliko za upande wa pili. Waganga huupima upindo huo katika picha ya eksirei kwa digrii, na ukifika digrii 10 au kuzidi ndipo huitwa skoliosi. Katika vijana 100 wa umri wa miaka 10 hadi 16, wapatao 2 au 3 huwa nao. Wengi wao upindo wao ni mdogo, wala hauwadhuru. Upindo mdogo huwapata wavulana na wasichana karibu sawasawa. Lakini ule unaozidi hata ukahitaji matibabu huwapata wasichana mara nyingi zaidi.

Sababu yake ni nini? Katika vijana kumi wenye skoliosi, wanane hivi huwa hakuna sababu iliyoonekana. Twajua kwamba hutembea katika baadhi ya familia, na kwamba huzidi kwa haraka katika miezi ile mtoto anaporefuka upesi. Zaidi ya hayo elimu bado yatafuta. Lakini yako mambo ambayo elimu imekwisha kuyakanusha, na mambo hayo ndiyo yanayotusumbua sisi. Skoliosi hii hailetwi na mkoba wa shule. Hailetwi na kubeba kidumu cha maji kutoka bombani. Hailetwi na kukaa vibaya juu ya jamvi la madrasa, wala na kulala upande mmoja. Haiambukizi. Si jicho la mtu, si uchawi wa jirani, wala si adhabu ya dhambi ya mama alipokuwa mjamzito. Mama aliye hapa, ambaye kwa miaka amekuwa akijiuliza usiku ni kosa gani alilolifanya, na aisikie habari hii leo na alale: hakufanya kosa.

Hata hivyo, ndugu zangu, si kila mgongo uliopinda ni skoliosi, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Katika nchi zetu hizi kuna kifua kikuu kinachoshika mifupa ya mgongo. Hicho hula mfupa, nao mgongo ukachomoza nyuma kama nundu, nacho ndicho kilichowafanya wengi wa zamani waitwe vibiongo. Huja pamoja na maumivu yasiyoondoka, na mara nyingi homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Mara nyingine hata miguu hulegea. Kifua kikuu hicho hutibiwa kwa dawa, na dawa zake hutolewa bure katika nchi yetu; lakini chataka haraka. Kwa hiyo mtoto mwenye mgongo uliopinda pamoja na maumivu makali, homa au udhaifu wa miguu, asingojeshwe mpaka mwezi ukiandama. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mji wetu huu uko kwenye ncha ya kusini ya ziwa Kivu, na daraja la Rusizi latuunganisha na ndugu zetu wa Bukavu. Katika daraja hilo hupita bidhaa, na pamoja na bidhaa hupita maneno: kuna mtu ng'ambo anayenyoosha migongo kwa kuikanyaga, kuna mwingine huku anayeivuta kwa kamba. Mzazi mwenye uchungu huamini upesi. Lakini fikirini: mgongo ulioliwa na kifua kikuu ukikanyagwa, huenda ukavunjika na kuukandamiza uti wa mishipa ya fahamu, na mtoto aliyeingia akitembea akatoka amebebwa. Na ule wa skoliosi haunyooki kwa kukanyagwa. Mafuta na kukanda huenda yakampa mtoto raha ya misuli, wala sikatazi raha. Ila mtu asiuziwe raha kwa jina la dawa.

Sasa niingie nguzo ya pili, nayo ni kutenda kwa wakati.

Wahenga wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii twaitumia sana katika malezi ya tabia, nayo kwa maradhi haya yasadiki hata katika mfupa wenyewe. Maadamu mtoto bado anakua, upindo waweza kuzuiliwa usizidi. Akisha komaa, nafasi hiyo imepita. Kwa hiyo jambo kubwa ni kuuona upindo mapema, na hapo kuna kizuizi ambacho si budi tukitaje. Watoto wetu wa kike hujisitiri, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini vazi pana humsitiri pia mgongo, na msichana aliyekwisha kubaleghe havui nguo mbele ya mtu. Basi mgongo waweza kupinda mwaka, miaka miwili, na mama asijue, mpaka siku fundi cherehani aseme kwamba pindo la nguo lashuka upande mmoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa mtoto hakukusudia hata kuficha.

Dawa yake ni nyepesi, wala haina gharama. Mwaka 1865 mganga mmoja wa Uingereza aitwaye William Adams aliandika habari ya kumtazama mgonjwa akiwa ameinama, na mpaka leo waganga wa dunia nzima hufanya vivyo hivyo. Sisi tuna bahati kwamba watoto wetu huinama kila siku katika rukuu. Mama na aingie chumbani na binti yake, faragha, na baba na mwanawe. Mtoto avae fulana nyepesi au aache mgongo wazi. Aunganishe miguu, asikunje magoti, ainame kama mwenye kurukuu, lakini mikono asiitie magotini. Aiache ininginie mbele, viganja vimekutana. Mzazi asimame nyuma yake atazame usawa wa mgongo. Je, upande mmoja wa mbavu umeinuka kuliko wa pili? Kisha mtoto asimame wima: je, mabega yako sawa? Je, bawa moja la bega limechomoza? Je, kiuno kimekatika upande mmoja zaidi? Mtazamo huo hauchukui dakika tatu. Kwa wasichana ufanyike tangu miaka 10, na kwa wavulana tangu miaka 12 au 13, mara mbili kwa mwaka. Ramadhani na Mfungo Tatu yafaa kuwa miezi ya ukumbusho, ili tusisahau.

Ukionekana upindo, njia yake ni hii. Mwende kituo cha afya pamoja na mituweli yenu, mpate barua ya kupelekwa hospitali ya wilaya, kama ile ya Gihundwe. Na daktari wa huko akiona haja, atawapa barua ya kwenda hospitali kuu ya Butare au ya Kigali, ambako wako mabingwa wa mifupa. Barua hizo msizidharau wala msizirukie, kwa sababu mituweli yafuata ngazi. Katika nchi yetu kuna pia Gatagara, kule Nyanza, palipoanzishwa mwaka 1960 na Padri Joseph Fraipont kwa ajili ya watoto walemavu, na kuna hospitali ya Rilima katika Bugesera inayotibu mifupa ya watoto. Nyumba hizo zilianzishwa na watu wa dini nyingine, nasi twawashukuru. Mtoto wa Kiislamu akitibiwa humo hapungukiwi na chochote katika dini yake.

Daktari atafanya nini? Upindo ukiwa chini ya digrii 25, mara nyingi hufanya kuutazama tu: mtoto hurudi kila baada ya miezi minne mpaka sita apimwe tena. Wazazi wengi hukasirika hapo, wakasema, "Tumepita msitu wote wa Nyungwe, tumelipa nauli, na hatukupewa hata kidonge!" Msikasirike. Kutazama ndiyo tiba ya hatua hiyo, na safari ya pili ina maana kuliko ya kwanza, kwa sababu ndiyo itakayoonyesha kama upindo wazidi au umesimama.

Upindo ukiwa baina ya digrii 25 na 40 au zaidi kidogo, na mtoto akiwa bado anakua, daktari huweza kuamrisha korseti. Ni gamba la plastiki ngumu linalofinyangwa kwa kipimo cha kiwiliwili cha mtoto, likafungwa kwa mikanda chini ya nguo. Kwa miaka mingi watu walibishana kama chombo hicho chafaa kitu. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani na Kanada kwa vijana 242. Katika waliovaa korseti, 72 kwa kila 100 walifika mwisho wa kukua bila upindo kufikia digrii 50; katika waliotazamwa tu, 48 kwa kila 100. Na waliovaa kwa muda wa saa 13 au zaidi kila siku, walifaulu karibu 90 au zaidi kwa kila 100. Faida ilidhihirika wazi, hata uchunguzi ukakatizwa kabla ya wakati wake, ili wote washauriwe kuvaa.

Ndugu zangu, saa 13 si mchezo. Nani kati yetu angekubali kufungwa plastiki saa 13 katika joto la Bugarama? Kwa hiyo tusimwambie mtoto kwamba ni jambo dogo, atatuona waongo. Tumwambie ni jambo zito lenye mwisho, kwa maana huvuliwa akisha komaa. Kisha tumsaidie. Usiku wote huhesabiwa: akilala nayo saa tisa, zimebaki nne tu za mchana. Avae ndani fulana ya pamba isiyo na mishono, ibadilishwe inapolowa jasho, na ngozi yake ioshwe na kukaushwa. Kuoga na kucheza mpira huivua, na akimaliza huirudia. Mazoezi ya viungo aliyofundishwa hospitali ayafanye, kwa kuwa huimarisha misuli na humzoeza kuujua mwili wake. Na katika sala, dini yetu haina uzito: asiyeweza kuinama sawasawa huinama kadiri awezavyo, na asiyeweza kusimama huketi. Masheikh wetu wako hapa, waulizeni. Msimwache kijana akaacha sala kwa kudhani kwamba rukuu yake si kamili.

Upindo ukipita digrii 45 au 50, huenda pakahitajiwa operesheni, ambayo mifupa ya mgongo huungwa kwa vyuma na skrubu. Huo ni upasuaji mkubwa, wenye gharama na hatari zake, nao wataka mashauri marefu. Lakini jueni kwamba si jambo la Ulaya tu. Katika Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, huufanya. Huko Accra, Ghana, iko hospitali iliyofunguliwa mwaka 2012, iliyojengwa kwa juhudi za Dr. Oheneba Boachie-Adjei, mzaliwa wa Kumasi, bingwa wa migongo aliyefanya kazi miaka mingi New York kisha akarudisha elimu yake nyumbani. Watoto wengi wa Ethiopia wenye migongo iliyopinda kupita kiasi walisafirishwa mpaka Ghana kupitia mganga wa Kimarekani anayeishi Addis Ababa, Dr. Rick Hodes, nao wakarudi wamenyooka. Sisemi haya ili kila mtu auze shamba lake aende Accra. Nasema ili kijana ajue kwamba Waafrika wanashughulika na maradhi yake, na kwamba yeye si wa kwanza.

Na ambaye hakupata korseti kwa wakati, wala operesheni, je, maisha yake yamekwisha? La, hasha. Huko Iowa, Marekani, waganga waliwafuata watu 117 ambao skoliosi yao haikutibiwa, kwa muda wa miaka 50, na mwaka 2003 wakatangaza waliyoyaona. Watu wale walizeeka kama wenzao. Walifanya kazi, wengi waliolewa na kuoa, wakalea. Maumivu ya mgongo walikuwa nayo zaidi ya wenzao, na baadhi yao walihuzunishwa na umbo lao. Hayo ni kweli, wala hatuyafichi. Wenye upindo mkubwa sana huweza kupungukiwa pumzi, nao ni lazima wawe karibu na daktari. Lakini maisha kwa jumla yaliendelea. Nalisema hili khasa kwa ajili ya neno moja linalotembea mijini mwetu, kwamba msichana mwenye mgongo uliopinda hataweza kuzaa. Ni neno la uongo. Wanawake wenye skoliosi huchukua mimba na huzaa. Lililo wajibu ni kumweleza mkunga na daktari mapema. Ee baba mwenye mtoto wa kiume, usivunje uchumba wa watu kwa uongo huo.

Sasa nimefika nguzo ya tatu, nayo ndiyo iliyo mikononi mwetu zaidi kuliko zile mbili.

Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mgongo wa mtu. Mtumchukue msichana wa miaka 13. Asubuhi amefunga mikanda yake, amevaa, amejitazama, amejiambia, "Leo nitakwenda." Njiani akutana na shangazi yake amwambie, "Masikini mwanangu, nani atakuoa?" Akifika shuleni mvulana agonga korseti yake kwa vidole kama mlango na kuuliza kama kuna mtu ndani. Alasiri mwalimu wa madrasa amtaja mbele ya wenzake kuwa mfano wa mtihani wa Mungu. Yule shangazi alikusudia huruma, yule mvulana alikusudia mzaha, na yule mwalimu alikusudia mawaidha. Lakini usiku mtoto aiweka korseti chini ya kitanda, na kesho yake asema tumbo lamwuma, haendi shule. Hivyo ndivyo matibabu yanavyokufa. Na hospitali haina habari.

Imesimuliwa kwamba Masahaba walicheka walipouona wembamba wa miundi ya Abdullah bin Masud alipopanda mti kukata msuwaki, na Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kwamba miguu ile ni mizito katika mizani ya Akhera kuliko mlima wa Uhud. Tazameni alivyofanya. Hakumwambia Ibn Masud avumilie kuchekwa. Aliwageukia wale waliocheka. Huo ni mwendo tulioachiwa: anayechekwa hapewi mawaidha ya subira kabla ya anayecheka kukanywa.

Na mkumbukeni Abdullah bin Umm Maktum, ambaye hakuwa na macho. Mtume (S.A.W.) alimfanya mwadhini pamoja na Bilal, na zaidi ya mara moja alimwachia Madina aiangalie aliposafiri. Hakupewa sadaka na kukalishwa pembeni, alipewa kazi. Baada ya zama zao alitokea Ata bin Abi Rabah, mwana wa Yemen aliyelelewa Makka. Wanahistoria wameandika kwamba alikuwa na chongo, kilema cha mguu na mkono uliopooza, na uzeeni alipofuka. Mtu huyo ndiye aliyekuwa mufti wa Makka, na mahujaji wa pande zote walimwuliza yeye. Basi nasi tukitaka kumkunjua moyo kijana mwenye mgongo uliopinda, tumpe kazi: asomeshe wadogo, aadhini, aandike daftari la michango ya jumuiya, awe katika timu. Mtu hujiona mzima pale anapohitajiwa.

Sheria za nchi nazo ziko pamoja nasi katika hili. Mwaka 2007 Rwanda ilitunga sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu, na mwaka 2008 ikathibitisha mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao. Lakini sheria haiingii katika uani wa nyumba kusikia shangazi anasema nini. Huko hatuna askari ila sisi wenyewe.

Niruhusuni sasa, Bwana Mwenyekiti, niseme maneno machache na kijana mwenyewe, iwapo yuko hapa. Wala sitamwuliza ainue mkono.

Mwanangu, hukufanya kosa. Mgongo wako umepinda, wewe hukupinda. Ziko siku utakazolia, na kulia si ukosefu wa imani: Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni mfano wa subira kwetu. Subira si kutokulia. Ni kufunga mikanda yako tena baada ya kulia. Mtafute mtu mmoja, awe mama, dada, kaka au rafiki, ambaye waweza kumwambia ukweli wote bila ya kuhurumiwa. Tayarisha jibu fupi la kuwajibu wanaouliza: "Mgongo wangu unapinda, hii yauzuia, nitaivua nikisha kua." Jibu fupi hufunga maswali marefu. Usijipime kwa kioo kila siku. Jipime kwa yale uliyoyajifunza wiki hii.

Nawe upendaye michezo, jua kwamba Usain Bolt wa Jamaika, mtu aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, na ambaye mpaka alipostaafu mwaka 2017 hakuna aliyemfikia, ana skoliosi. Mwenyewe ameeleza jinsi mgongo ulivyomsumbua mwanzoni, na jinsi mazoezi ya kuimarisha misuli ya kiwiliwili yalivyomwezesha kuendelea. Sisemi kwamba utakuwa Bolt. Hata sisi wenye migongo iliyonyoka hatukuwa. Nasema kwamba mgongo haukumkataza kuanza mbio.

Nanyi wenzake mlio wazima, hujafa hujaumbika. Hakuna aijuaye kesho ya mwili wake. Mkimwona mwenzenu amevaa korseti, msiiguse, msiitaje mpaka yeye aitaje, mumwite katika mchezo kama mnavyowaita wengine, na asipoweza mchezo mmoja mchague mwingine. Akikosa shule siku mbili, mmoja wenu aende kwao kumwuliza hali, achukue na daftari la masomo.

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu. La kwanza, walimu wetu wa kike wawaeleze akina mama namna ya kuutazama mgongo wa mtoto, mara mbili kwa mwaka. La pili, katika mfuko wetu wa kusaidiana itengwe nauli ya mtoto anayepaswa kurudi hospitali kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu mituweli husaidia tiba, na basi la kwenda Butare na Kigali mzazi hujilipia. La tatu halihitaji fedha: kila mmoja wetu achunge neno lake mbele ya mtoto huyo, kuanzia mlangoni hapa tutakapotoka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape wazazi wao nguvu na riziki, awazidishie waganga wetu elimu, na azilainishe ndimi zetu. Amin.